Ruhusa Inayotosha

Nataka kuusifu ufundi ambao watu wengi wanautegemea kila siku bila kuuona: ufundi wa waandishi wa kerneli, ile programu kuu ya mfumo endeshi, wanapoamua programu ipi iguse kifaa kipi cha kompyuta. Kazi yenyewe haina mapambo. Haitangazwi redioni, wala mteja anayeingia kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Ludewa mjini hana haja ya kuijua. Anachotaka ni barua yake ya maombi ya kazi itoke kwenye karatasi bila hitilafu. Inatoka, na sehemu ya sababu ni kwamba kuna watu waliokaa wakafikiri kwa makini juu ya kitu kidogo kuliko vyote katika kompyuta, yaani biti moja, wakaipa kazi ya kusema ndiyo au hapana.

Programu huvifikia vifaa kupitia poti, basi tuanze na hizo. Sizungumzii matundu yaliyo nyuma ya mashine, bali namba ambazo prosesa huzitumia kuviita vifaa. Kompyuta ya kawaida ya mezani, yenye prosesa ya ukoo wa Intel, ina nafasi ya poti 65,536, kuanzia 0 hadi 65,535. Kila kifaa cha kizamani kina namba zake. Kibodi iko 96 na 100. Saa ndogo inayotunza tarehe hata umeme ukikatika iko 112 na 113. Diski za kizazi kilichopita ziko 496 hadi 503. Printa, ile inayochomekwa kwa tundu pana la pini 25, kwa kawaida huitwa kwa namba 888. Amri ya kuongea na poti ni fupi mno: chukua namba hii, ipeleke kwenye poti ile. Prosesa hutii mara moja, na upande wa pili kitu halisi hutokea. Waya hupata umeme, kichwa cha printa husogea, diski huanza kuandika.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kitu kikishatokea upande wa waya, hakirudishwi kwa kubonyeza kitufe cha kufuta. Poti namba 100 peke yake inatosha kuonyesha. Tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC/AT mwaka 1984, kidhibiti cha kibodi kimeunganishwa na waya wa kuirudisha prosesa mwanzo. Ukipeleka namba 254 kwenye poti 100, mashine inakatika palepale na kuwaka upya. Haiulizi kama umehifadhi kazi. Enzi za MS-DOS programu yoyote iliweza kufanya hivyo, ya karani sawa na ya mtoto anayejifunza, kwa sababu mfumo ule haukuwa na mlinzi. Kila programu ilikuwa na kila poti.

Kwenye mashine ya mtu mmoja, uhuru huo unavumilika. Huku kwetu kompyuta ni ya watu wengi. Kompyuta moja ya shule huweza kubeba matokeo ya mitihani, hesabu za ada na mazoezi ya wanafunzi, vyote ndani ya siku moja. Ya ofisi ya kata hubeba orodha za wakulima na barua za mtendaji. Programu moja mbovu ikiachiwa poti zote, haimharibii aliyeiendesha peke yake. Inawaharibia wote waliokitumia kiti kile kabla yake.

Njia rahisi ya kukabili hatari hii ni kufunga kila kitu. Nchi yetu, Tanzania, imewahi kupita karibu na njia hiyo: mwaka 1974, baada ya matatizo ya mfumo wa hesabu za serikali, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku isipokuwa kwa kibali. Ninaielewa hofu iliyozaa katazo lile, maana mashine zilikuwa ghali na wataalamu wachache. Lakini kufunga kila kitu hakumfundishi mtu kupima. Kuacha kila kitu wazi, kama MS-DOS ilivyofanya, nako hakumfundishi. Ufundi ninaousifu unakaa katikati, mahali pagumu zaidi, ambapo mtu anapaswa kujibu maswali matatu kila mara: ni nani anayeomba, anaomba nini hasa, na kiasi gani kinamtosha.

Prosesa ya Intel 80386 ya mwaka 1985 iliyajibu maswali hayo kwa mpango ambao hadi leo nikiusoma unanifurahisha. Kwanza iligawanya programu katika ngazi nne, kutoka 0 hadi 3. Kerneli hukaa ngazi ya 0, nasi watumiaji wa kawaida na programu zetu huwekwa ngazi ya 3. Kisha ikaweka biti mbili kwenye rejista ya alama za prosesa, zinazotaja ni kuanzia ngazi gani programu inaachiwa poti zote. Linux huziacha biti hizo kwenye 0, maana yake kerneli pekee ndiyo yenye uhuru huo. Mlinzi huyu wa kwanza hana uchaguzi: unapita au hupiti.

Mlinzi wa pili ndiye mwenye akili. Ni ramani ya biti, na kila poti ina biti yake moja. Poti ni 65,536, basi biti ni 65,536, ambazo ni baiti 8,192 tu. Biti ikiwa 0, programu inaruhusiwa kuigusa poti hiyo. Ikiwa 1, imekatazwa. Programu ya ngazi ya 3 inapotaka kupeleka kitu kwenye poti, prosesa huangalia ramani kwanza. Ikiomba kuandika baiti mbili kwa mpigo, prosesa huangalia biti mbili zinazofuatana. Ikiomba nne, huangalia nne, na zote sharti ziwe 0. Hata moja tu ikigoma, ombi zima linakataliwa kwa kosa namba 13, na kerneli inaitwa kuja kuamua hatima ya programu hiyo.

Kuna jambo moja dogo kwenye ramani hiyo ambalo lingepita bila kuonwa. Baada ya baiti 8,192, mwongozo wa Intel unataka iongezwe baiti moja zaidi, na biti zake zote ziwe 1. Poti ya kuihitaji haipo. Sababu ni kwamba prosesa husoma ramani baiti mbili kwa pamoja, kwa hiyo inapokagua poti za mwisho kabisa ingesoma nje ya mpaka na kukuta chochote kilicholala pale kwenye kumbukumbu. Baiti ile ya ziada inahakikisha kwamba atakayeteleza kuvuka ukingo atakutana na katazo. Hivyo ndivyo fundi wa kweli anavyofanya kazi: anafika hadi ukingoni, anajiuliza nini kipo hatua moja mbele, na hapo napo anaacha ulinzi.

Vifaa vikiwa tayari, alihitajika mwandishi wa kerneli wa kuvitumia vizuri. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alinunua kompyuta yenye 80386 mwanzoni mwa mwaka 1991, na mwaka huohuo akaanza kuisambaza kerneli yake ya Linux. Kerneli hiyo ina ombi linaloitwa ioperm. Programu ikiliita hutaja mambo matatu tu: inaanzia poti ipi, poti ngapi, na kama inataka kufunguliwa au kufungiwa. Neno la tatu ndilo linalonigusa zaidi. Aliyepewa anaweza kurudisha. Programu inayojua kwamba imemaliza kazi na printa inaweza kuiambia kerneli: nifungie tena, nisije nikakosea.

Nikifundisha jambo hili, napenda wanafunzi walione kwa macho. Mashine kuukuu ya mezani inatosha, iliyo na tundu la printa ambalo kompyuta mpya nyingi hazina tena. Tunafunga taa ndogo nane za LED kwenye pini ya 2 hadi ya 9, kila moja na rezista yake, na upande wa pili tunaurudisha kwenye pini za chini, 18 hadi 25. Programu yetu ina mistari michache ya lugha ya C. Inaomba kwa ioperm poti 888, moja tu. Kisha inapeleka namba 170. Kwa mfumo wa sifuri na moja, 170 ni 10101010, basi taa zinawaka moja ndiyo moja hapana, na darasa linashangilia. Namba imegeuka mwanga mbele yao.

Kisha tunaongeza mstari mmoja: programu ijaribu kusoma poti 889. Ni poti ya jirani kabisa, ya printa hiyohiyo, inayoeleza kama karatasi imekwisha. Hatukuiomba. Programu inakufa palepale, na skrini inatuarifu kwamba imevuka mpaka wake. Wanafunzi huuliza kwa nini kerneli iwe kali kiasi hicho kwa poti iliyo jirani na isiyo na madhara. Ninawajibu kwamba kerneli haijui nia yetu, inajua ombi letu. Tuliomba moja, ikatupa moja. Tukitaka mbili, tuseme mbili, na atakayeisoma programu yetu miaka kumi baadaye ataona mahali pamoja, kwa maandishi, ni nini hasa tulihitaji. Mtunza ghala la ushirika hufanya vivyo hivyo kwa mkulima aliyefuata mfuko mmoja wa mbolea: humfungulia, humpa mfuko wake, na shada la funguo hubaki kiunoni mwake.

Somo lina sehemu nyingine inayodai nidhamu. Ioperm haimsikilizi kila mtu. Ni lazima anayeomba awe na mamlaka. Zamani mamlaka hayo yalikuwa ya root, mtumiaji mkuu, aliyeweza yote. Tangu toleo la 2.2 la mwaka 1999, Linux iliyagawa mamlaka ya root vipande vipande, na kipande cha kugusa vifaa moja kwa moja kikapewa jina lake, CAP_SYS_RAWIO. Programu iliyoandikwa kwa adabu huanza ikiwa na mamlaka, huomba poti yake, kisha huvua mamlaka yote mengine na kuendelea kama mtumiaji wa kawaida. Ruhusa ya poti ile moja hubaki. Namfundisha mwanafunzi kwamba mpangilio huo ndio heshima ya kazi: omba mapema, omba kidogo, kisha uvue usichokihitaji kabla hujagusa chochote kinachotoka nje.

Yanayotokea ndani ya kerneli wakati huo yanastahili sifa yake. Kompyuta huendesha programu nyingi kwa zamu, na kila inapobadilisha zamu ingelazimika kubadilisha na ramani, baiti elfu nane na zaidi. Kazi hiyo ingeichosha mashine bure, kwa sababu karibu programu zote hazijaomba poti hata moja. Waandishi wa Linux waliona njia. Kwa programu isiyo na ruhusa, kerneli huiambia prosesa kwamba ramani iko nje ya mpaka wa eneo lake. Prosesa ikikosa ramani hukataa kila poti. Hapanakiliwi kitu, na hakuna anayeruhusiwa. Asiyeomba hagharimu chochote, na aliyeomba ndiye anayebebewa gharama ya ombi lake. Usalama na wepesi, ambavyo mara nyingi huvutana, hapa vimekaa upande mmoja.

Ufundi huu haukuishia hapo, kwa maana mlinzi mzuri huendelea kujikagua. Pamoja na ioperm, Linux ilikuwa na ombi lingine, iopl, lililogeuza zile biti mbili za ngazi na kuiachia programu poti zote kwa mkupuo. Ndani yake kulikuwa na madaraka ambayo wengi hawakuyakusudia. Programu iliyopewa iopl iliweza pia kuzizima ishara ambazo vifaa hutumia kuiita prosesa. Zikizimwa, prosesa haisikii tena saa, haisikii kibodi, na kerneli yenyewe haipati nafasi ya kurudisha usukani. Mwaka 2019 Thomas Gleixner, mmoja wa wasimamizi wa sehemu ya kerneli inayohusu prosesa hizi, aliliandika upya eneo hilo. Kuanzia toleo la 5.5, lililotoka Januari 2020, iopl hutekelezwa kwa ramani ambayo biti zake zote ni 0. Programu za zamani zilizohitaji poti bado zinazipata, ila uwezo wa kuzizima ishara umeondoka. Nadhani hakuna mabadiliko yanayoonyesha hekima ya kazi hii kuliko hayo. Gleixner hakuvunja kazi ya mtu. Alichambua ruhusa moja akakuta ndani yake mbili, akaacha ile iliyohitajika na kuiondoa ile iliyojificha.

Upande wa skrini nako hatua ilipigwa. Kwa miaka mingi programu ya X, inayochora madirisha kwenye Linux na jamaa zake, iliendeshwa kwa mamlaka ya root kwa sababu ilihitaji kugusa kadi ya picha moja kwa moja. Programu kubwa, yenye mistari mingi mno, ilikuwa na funguo za nyumba nzima. Mwaka 2009 kazi ya kupanga skrini ilianza kuhamia ndani ya kerneli, na baadaye X ikaweza kufanya kazi bila mamlaka hayo. Mwishoni mwa 2019, toleo la 5.4 likaongeza hali ya kufunga kerneli ambamo hata root akiomba poti anakataliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawa wameziba nyufa wakati nyumba imejaa watu, bila kumtoa mtu nje.

Anaweza kutokea mtu akaniambia kwamba habari za poti 888 ni habari za mashine zinazokufa, na kwamba huku Ludewa watu wanatumia simu. Ni kweli, simu nyingi hutumia prosesa za ARM, ambazo hazina poti za namna hii kabisa. Kwenye ARM vifaa hupewa anwani ndani ya kumbukumbu, na ulinzi hukaa kwenye kurasa za kumbukumbu: kila programu ina jedwali lake la kurasa inazoruhusiwa, na kurasa za vifaa hazimo. Waya zimebadilika, lakini swali halijabadilika. Kerneli ndani ya simu za Android ni Linux ileile. Mvuvi wa Manda, kando ya Ziwa Nyasa, akipokea malipo ya samaki kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Tanzania mwaka 2008, na pembeni kwenye simu hiyohiyo mwanawe amepakua mchezo asioujua asili yake, kinachouzuia mchezo ule usijiongoze wenyewe hadi kwenye redio na kumbukumbu ya simu ni ufundi wa ukoo huu. Mvuvi analala na hela yake.

Ndiyo maana naona somo hili linaihusu Ludewa kuliko linavyoonekana. Wilaya yetu hutajwa kwa chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Tuna mitambo ya umeme wa maji milimani, kama ule wa Mawengi. Mitambo ya migodi na ya umeme, popote duniani, inaendeshwa zaidi na zaidi kwa kompyuta: mizani, mikanda ya kubebea mawe, pampu, malango ya maji. Kwenye kazi za namna hiyo poti haiwashi LED ya darasani. Inaweza kuwasha mkanda wakati fundi ameingiza mkono. Atakayeandika programu ya pampu lazima awe mtu aliyezoea kujiuliza kama pampu inatosha, au kama ameomba pia lango bila kujua. Mazoea hayo hayanunuliwi pamoja na mtambo. Yanafundishwa.

Na yanaweza kufundishwa hapa, kwa lugha yetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili, na hivyo kuonyesha kwamba kompyuta haina lugha ya kuzaliwa. Linux nayo imeandikwa hadharani. Sehemu inayoshughulikia ioperm na iopl imo kwenye faili moja liitwalo ioport.c, fupi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye bidii anaweza kulimaliza kwa mwisho wa wiki, akiwa na mwalimu wa kumwelekeza. Ndani yake ataona maamuzi mengi niliyoyaeleza hapa: ombi linavyopimwa, mamlaka yanavyokaguliwa, ramani inavyotengenezwa pale tu inapohitajika, na inavyotupwa ruhusa ya mwisho ikirudishwa.

Ningependa vijana wetu walisome faili hilo kabla hawajajifunza kutengeneza tovuti nzuri. Watajifunza kwamba kumpa mtu madaraka ni kazi inayohitaji hesabu, kwamba katazo lisilo na sababu ni uvivu sawa na ruhusa isiyo na kipimo, na kwamba mwenye mamlaka makubwa kuliko wote ndani ya mashine ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu kuliko wote. Waandishi wa kerneli wameyafanya hayo kwa zaidi ya miaka thelathini, mstari kwa mstari, na kazi yao iko wazi kwa yeyote atakayetaka kuiendeleza. Ludewa nayo ina zamu yake kwenye kazi hiyo, na ni juu yetu walimu kuhakikisha vijana wanafika kwenye zamu hiyo wakiwa wamejiandaa.